Nani Mwenye Kasri? Mandhari na Kisa katika Filamu ya Kigothi "The Terror"

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi filamu ya kitisho ya aina ya kigothi inavyojengwa, na hasa nafasi ya jengo lenyewe, yaani kasri linalosemekana kuwa na mizuka, katika msuko wa kisa. Filamu tuliyoichagua iwe mfano wetu ni The Terror, iliyotengenezwa nchini Marekani chini ya uongozi wa Roger Corman na kutolewa mwaka 1963. Si filamu kubwa. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, kwa njia isiyo na utaratibu, na msuko wake una kasoro ambazo hata mtazamaji asiyejua lolote juu ya ufundi wa filamu ataziona.

Yawezekana basi msomaji akauliza: kuna haja gani ya kuishughulikia kazi kama hiyo katika jarida la idara ya lugha? Swali hili si la kupuuzwa. Mwandishi wa makala haya aliitazama The Terror kwa mara ya kwanza alipokuwa masomoni ng'ambo, katika ukumbi wa wanafunzi, na muda mwingi watazamaji walikuwa wakicheka. Lakini filamu ilipofika karibu na mwisho wake, pale inapojulikana mwenye kasri ni nani hasa, kicheko kilikoma. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni kitu gani kilichowanyamazisha watu waliokuwa wakicheka dakika chache tu kabla. Haikuwa picha, kwa sababu picha zilikuwa zile zile. Haikuwa uigizaji peke yake. Hoja yetu ni kwamba ilikuwa swali moja la kale ambalo fasihi ya kigothi imeliuliza tangu ilipozaliwa, nalo ni hili: anayekaa katika nyumba hii, je, ndiye mwenyewe?

Maneno tutakayoyatumia

Kabla hatujaendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno machache. Neno "kigothi" linatokana na jina la Wagothi, kabila moja la kale la Ulaya. Wasomi wa Italia wa zama za mwamko walilitumia neno hilo kwa dharau kuyataja majengo ya karne za kati, yenye matao yaliyochongoka na minara mirefu, kana kwamba yamejengwa na washenzi. Baadaye, katika karne ya 18, Waingereza walilitumia kwa maana ya jambo lolote la karne hizo za kati, na kwa baadhi yao dharau ile ikageuka kuwa mapenzi. Kwa hiyo neno lilianza likiwa la majengo, kisha likahamia kwenye hadithi. Historia hii fupi ya neno moja tayari yatuonyesha kwamba katika fani hii nyumba ilitangulia kisa.

Ama kuhusu jengo lenyewe, Kiswahili hakina upungufu. Tuna "ngome", ambayo husisitiza ulinzi. Tuna "husuni", neno ambalo wengi walijua kutokana na Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani. Na tuna "kasri", ambalo husisitiza makao ya mtawala au mtu mwenye enzi. Jengo la kigothi lina sifa zote mbili, ulinzi na makao. Sisi tutatumia "kasri", kwa kuwa jambo kuu katika visa hivi si vita vya nje bali ni maisha yaliyofichwa ndani.

Hali kadhalika yatupasa tutofautishe "mzimu" na "mzuka". Mzimu, kwa matumizi ya watu wetu wengi, una uhusiano na waliotangulia na mahali pa kuwaombea. Una ukoo, na walio hai wana wajibu kwake. Mzuka, kama kitenzi chake "kuzuka" kinavyodokeza, ni kitu kinachotokeza ghafla mbele ya mtu asiyekitarajia wala asiyejua kinadai nini. Kiumbe cha kasri la kigothi, aghalabu, huanza kikiwa mzuka. Kazi yote ya kisa ni kumfanya mhusika, na mtazamaji pamoja naye, atambue kwamba kiumbe hicho kina jina, kina nasaba, na kina madai.

Kasri la karatasi

Watu wengi hudhani kwamba umaskini wa filamu za aina hii ni aibu iliyoiingia fani ambayo hapo mwanzo ilikuwa na majengo ya kweli na fedha za kutosha. Historia haikubaliani nao.

Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kigothi ni The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1764. Walpole hakuweka jina lake katika chapa ya kwanza. Alijifanya kuwa ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitalia. Ni katika chapa ya pili tu alipokiri kuwa yeye ndiye mtunzi, na hapo ndipo alipoiita hadithi yake ya kigothi. Riwaya yenyewe basi iliingia ulimwenguni kwa jina lisilokuwa lake.

Walpole alikuwa pia mjenzi. Katikati ya karne ya 18 aliigeuza nyumba yake ya Strawberry Hill, iliyoko Twickenham karibu na London, ifanane na kasri la karne za kati. Lakini haikujengwa kwa mawe kama makasri ya wafalme. Sehemu kubwa ya mapambo yake ilifanywa kwa mbao, plasta, na karatasi iliyorojwa na kukandwa kwa gundi hadi ikafanana na mawe ya kuchonga. Mgeni aliyeinua macho kutazama dari ya ukumbi wake mkuu alikuwa akitazama karatasi. Tunalitaja jambo hili si kwa kumkejeli Walpole, bali kwa sababu linatuonyesha kwamba kasri la kigothi halikuwahi kuwa la kweli. Tangu mwanzo lilikuwa ni umbo la kuazimwa, lililokusudiwa kuamsha hisia fulani. Mafundi wa filamu waliokuja karne mbili baadaye, wakajenga kuta za mbao na turubai ndani ya studio, hawakuiharibu desturi hii. Waliiendeleza.

Nao waliiendeleza kwa uangalifu wa mwenye duka dogo. Kampuni ya Hammer ya Uingereza, iliyojipatia sifa kwa filamu yake ya Dracula ya mwaka 1958, ilikuwa na makao yake Bray, kando ya mto Thames, na ilizoea kuyatumia majengo yale yale mara nyingi. Filamu zake mbili zilizotolewa mwaka 1966, Dracula: Prince of Darkness na Rasputin, the Mad Monk, zilipigwa mfululizo katika majengo hayo hayo: kasri la mnyonya damu likawa Urusi ya mfalme wa mwisho. Nchini Marekani, Corman alianza mwaka 1960 mfululizo wa filamu zilizotokana na maandishi ya Edgar Allan Poe, ya kwanza ikiwa House of Usher, iliyopigwa kwa takriban siku 15. Picha za moto unaoteketeza jengo katika filamu hiyo zilihifadhiwa na kutumiwa tena katika filamu nyingine zilizofuata. Corman amesimulia kwamba wakuu wa kampuni iliyogharimia filamu walipomwuliza zimwi liko wapi katika hadithi ile ya Poe, aliwajibu kuwa nyumba yenyewe ndiyo zimwi. Huenda jibu hilo lilikuwa la kibiashara, lakini ni uhakiki sahihi wa Poe.

Jinsi The Terror ilivyotengenezwa

Mnamo mwaka 1963 ilitoka filamu nyingine ya Corman katika mfululizo huo, The Raven, iliyowashirikisha Vincent Price, Peter Lorre na Boris Karloff. Kumbi, ngazi na vyumba vya chini vilivyojengwa kwa ajili yake vilikuwa vikubwa kuliko alivyozoea, na vilikuwa vibomolewe mara kazi itakapokwisha. Corman akaona hasara kuvipoteza. Akapatana na Karloff, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, afanye kazi siku chache zaidi. Akamtaka Leo Gordon, aliyekuwa mwigizaji na pia mwandishi, amtungie sehemu za kisa ambazo zingeweza kupigwa humo ndani. Wakati huo hadithi kamili haikuwapo. Lililokuwapo ni kasri, mzee mmoja, na kijana mmoja aliyekuwa hajulikani bado, Jack Nicholson.

Tuzingatie maana ya hali hii. Kwa kawaida mtunzi huwa na kisa, kisha hukitafutia mandhari. Hapa mandhari yalipatikana kwanza, kisha kisa kikatafutwa cha kuyajaza. Karloff alipigwa picha akipita katika kumbi, akifungua milango na kushuka ngazi, kabla haijaamuliwa kikamilifu anakwenda wapi na kwa nini.

Baada ya majengo kubomolewa, kazi iliendelea vipande vipande kwa muda wa miezi kadhaa, mikononi mwa watu mbalimbali. Francis Ford Coppola, aliyekuwa msaidizi wa Corman, alitumwa kupiga picha za pwani huko Big Sur, California. Monte Hellman na Jack Hill nao walipiga sehemu zao, na hata Nicholson mwenyewe aliongoza kidogo. Jina lililoandikwa kuwa la mwongozaji ni la Corman peke yake. Wengi wa vijana hao walikuja kuwa watu mashuhuri: Coppola alitoa The Godfather mwaka 1972, na Nicholson alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest. Kwao The Terror ilikuwa chuo cha ufundi ambamo mwanafunzi hulipwa kidogo na kutakiwa kufanya mengi.

Kisa chenyewe

Kisa kinatokea mwaka 1806, zama za vita vya Napoleon. Luteni Andre Duvalier, ofisa wa jeshi la Ufaransa, amepotezana na kikosi chake na anatembea peke yake ufuoni akiwa amechoka na kiu imemshika. Anamwona msichana. Msichana anamwonyesha maji ya kunywa, kisha anaelekea baharini na kutoweka katika mawimbi. Andre anamfuata, anashambuliwa na kipanga, anazimia. Anapozinduka yumo kibandani mwa ajuza mmoja aitwaye Katrina, ambaye anasema hakuna msichana yeyote mahali hapo. Gustaf, mtumishi wa ajuza huyo anayedhaniwa kuwa bubu, anamnong'oneza kwamba akitaka kumsaidia msichana aende kasrini.

Kasri ni la Baroni Victor von Leppe, anayeigizwa na Karloff. Anaishi humo na mtumishi mmoja tu, Stefan. Baroni anamkaribisha mgeni kwa adabu isiyo na furaha, naye pia anakana kuwapo kwa msichana. Lakini ukutani iko picha ya mwanamke anayefanana naye. Huyo, asema Baroni, ni mkewe Ilsa, aliyefariki miaka 20 iliyopita. Baadaye yajulikana kwamba hakufa kwa maradhi. Baroni alirudi nyumbani, akamkuta na kijana wa kijijini jina lake Eric, akamwua mkewe. Na Stefan akamwua Eric. Sasa mwanamke yule hurudi usiku, humwita Baroni kwa sauti ya mapenzi, na kumtaka ajiue ili wawe pamoja.

Nyuma ya mzuka huo yumo Katrina. Yeye ni mamake Eric. Kwa muda mrefu ameutumia uchawi wake kumrudisha Ilsa amtese Baroni hadi ajitoe roho kwa mkono wake mwenyewe, na hivyo kisasi cha mwanawe kitimie.

Mpaka hapo kisa ni cha kawaida. Ndipo Stefan, akiwa amebanwa na Andre, anatoa siri ambayo ameiweka miaka yote hiyo. Usiku ule Stefan hakumwua Eric. Aliyekufa ni Baroni. Eric ndiye aliyemwua, akavaa mavazi yake, akakaa mahali pake, akaitikia jina lake. Kwa kupita miaka, katika kumbi zile, kijana wa kijijini amesahau kuwa aliwahi kuwa mtu mwingine. Anajuta kwa kumwua mke ambaye hakumwua, na anaogopa mzuka unaomdai deni la mtu mwingine. Na yule ajuza aliyetumia nguvu zake zote kumlipia kisasi mwanawe, amekuwa akimwua mwanawe huyo huyo.

Katrina anapolijua hilo, wakati wa kuokoa umekwisha pita. Anapokimbilia mahali patakatifu pa makaburi anapigwa na radi na kuungua. Ndani, mzee ameyafungulia maji ya bahari yakijaza chumba cha makaburi, na humo anazama. Andre anamtoa msichana nje, anambusu, na msichana anaoza mikononi mwake.

Kosa la msingi: kukaa katika nyumba ya mwingine

Tukirejea sasa kwa Walpole tutaona jambo la kushangaza. Katika The Castle of Otranto, Manfred ni mtawala wa kasri ambalo babu yake alilipata kwa kumwua kwa sumu mwenye haki, Alfonso. Kofia kubwa ajabu ya chuma inaanguka kutoka juu na kumponda mwanawe Manfred siku ya arusi. Mwishoni umbo la Alfonso linakua hadi kuta zinabomoka, na mrithi wa haki anajulikana, naye ni kijana wa kijijini. Kwa maneno mengine, riwaya ya kwanza ya kigothi ni kisa cha nyumba inayomkataa asiye mwenyewe.

Msuko wa The Terror ni huo huo, ila umepinduliwa. Katika Otranto, aliyedhaniwa kuwa mtu wa kijijini ni mwenye kasri. Katika The Terror, aliyedhaniwa kuwa mwenye kasri ni mtu wa kijijini. Manfred anajua, au anashuku, kwamba nyumba si yake. Ndiyo sababu anahangaika. Eric hajui tena. Nyumba haikumfukuza, bali ilimmeza. Kuta, picha za ukutani, heshima ya mtumishi mmoja na ukimya wa miaka 20 vimemfanya kuwa Baroni kamili, pamoja na dhambi za Baroni. Hapa ndipo tunapopata jibu la swali letu la mwanzo. Watazamaji hawakunyamaza kwa kuogopa mzuka. Walinyamaza kwa kuona kwamba mtu anaweza kuporwa nafsi yake na nyumba aliyodhani ameipora yeye.

Hatudai kwamba Corman na wenzake waliipanga maana hii tangu mwanzo. Kinyume chake, siri ya Eric iliongezwa baadaye, kama njia ya kuunganisha vipande ambavyo havikuwa vikiungana. Lakini ni vyema tuangalie ni siri ya namna gani iliyoweza kuviunganisha. Walikuwa na picha za mzee anayezunguka katika kumbi ambazo hakuna ajuaye anatafuta nini humo. Maelezo yaliyofaa kuliko yote yalikuwa kwamba yeye mwenyewe hajui, kwa kuwa si mwenye nyumba. Filamu iliyopigwa katika majengo ya filamu nyingine ilipata maana yake kwa kumfanya shujaa wake awe mtu anayeishi katika jumba la mwingine.

Kasoro zake

Uhakiki usiotaja kasoro si uhakiki. Kasoro kubwa ya The Terror ni kwamba siri hiyo inasemwa badala ya kuonyeshwa. Andre anambana Stefan naye anaeleza, na kwa dakika chache filamu inakuwa hotuba. Kasri, ambalo hadi hapo limekuwa likizungumza kwa milango na ngazi zake, linanyamazishwa. Kazi bora ya kigothi ingaliufanya ukuta, au picha, au mwandiko wa mkono utoe ushahidi.

Kasoro ya pili ni msichana. Mara ni Helene aliye hai, mara ni Ilsa aliyekufa, mara yaonekana ni yule kipanga. Utata wa aina hii waweza kuwa sifa ukiwa umekusudiwa. Hapa ni dhahiri kwamba kila mwongozaji alikuwa na msichana wake. Kasoro ya tatu ni mwachano kati ya nje na ndani. Mawimbi na majabali ya Big Sur ni ya kweli na yana nguvu. Kasri linaloonekana kwa mbali juu ya jabali ni mchoro. Jicho linahisi kwamba ufuo na ukumbi havimo katika nchi moja.

Hata hivyo, kati ya kasoro hizi na fedha kidogo hakuna uhusiano wa lazima. Kumbi zilizoazimwa hazikuidhuru filamu. Kilichoidhuru ni kukosekana kwa fikra moja inayoongoza kazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Mahame yetu na kasri lao

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kulitazama jumba tupu lenye utando wa buibui bila kukumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Hatusemi kwamba kuna uhusiano wa kihistoria kati ya utenzi huo na kazi za kigothi. Tunasema kwamba kuziweka pamoja kwatusaidia kuona upekee wa kila moja.

Katika Al-Inkishafi majumba ya Pate yamekuwa mahame. Mtunzi anauonyesha moyo wake kumbi zilizokuwa na taa na watu, ambazo sasa zimeachiwa popo na wadudu. Swali lake ni: wako wapi wenye nyumba? Jibu lajulikana na kila mtu, nalo ni mauti. Kwa hiyo mahame hayo hayana mizuka. Utupu wake ndio mafunzo yake. Aliyekufa amekwenda kuhesabiwa kwa Mola wake, na ukuta uliobaki wamuusia aliye hai.

Kasri la kigothi halina utupu huo. Aliyekufa hakwenda, kwa sababu hesabu yake haikufungwa hapa duniani. Swali lake si "wako wapi?" bali "huyu ni nani?" La kwanza ni swali la mcha Mungu mbele ya kudura, la pili ni swali la hakimu mbele ya mshtakiwa. Mwanafunzi akiielewa tofauti hii hatalichukua kila gofu katika fasihi kuwa ni alama ya jambo moja tu, kama inavyotokea mara nyingi katika majibu ya mitihani.

Woga wa kale na woga mpya

Filamu hii ina historia nyingine baada ya kutolewa. Karloff alikuwa angali anadaiwa siku mbili za kazi na Corman. Corman akampa kijana Peter Bogdanovich nafasi ya kutengeneza filamu yake ya kwanza, kwa sharti kwamba azitumie siku hizo mbili pamoja na vipande vya The Terror. Matokeo yake ni Targets ya mwaka 1968. Ndani yake Karloff anaigiza mwigizaji mkongwe wa filamu za kitisho anayetaka kustaafu kwa kuwa, asemavyo, vitisho vya makasri havimwogofyi mtu tena ukilinganisha na habari za magazetini. Sambamba naye tunaonyeshwa kijana mtulivu wa nyumba nadhifu, anayewaua watu kwa bunduki bila sababu inayoelezeka, mfano uliotokana na mauaji ya chuo kikuu cha Texas, Austin, ya mwaka 1966. Wawili hao wanakutana kwenye sinema ya wazi, na kinachoonyeshwa pale kitambaani ni The Terror. Karloff alifariki mwezi wa Februari mwaka 1969.

Targets yatuuliza kama kasri la kigothi lingali na kazi. Kwa maoni yetu lingali nayo. Muuaji wa Targets anatisha kwa kuwa nyumba yake haina siri tunayoweza kuifukua. Kasri linatisha kwa kuwa lina siri, na siri hiyo ina chanzo, na chanzo hicho ni dhuluma. Katika ulimwengu wa kigothi hakuna mzuka bila deni. Hii ni fani inayoshikilia, hata katika mifano yake duni, kwamba kilichotwaliwa bila haki hakimtulizi aliyekitwaa, wala warithi wake.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba jengo ndilo msingi wa kazi ya kigothi. Kwamba tangu Strawberry Hill jengo hilo limekuwa la mbao na karatasi. Na kwamba kinacholisimamisha ni swali la nani mwenye nyumba. The Terror, pamoja na kasoro zake zote, yalidhihirisha jambo hili kwa uwazi kuliko filamu nyingi zilizo bora kuliko yenyewe, kwa sababu historia ya kutengenezwa kwake na maudhui yake vinafanana.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la manufaa kwa walimu. Filamu hii ilitolewa bila ilani ya hakimiliki iliyotakiwa na sheria ya Marekani ya wakati ule, na kwa hiyo nchini humo imekuwa mali ya umma. Nakala zake zapatikana kwa urahisi, nyingine zikiwa hafifu, nyingine zilizosafishwa vizuri. Inafaa kusomeshwa sambamba na tahakiki ya mandhari katika riwaya na tenzi zetu, na wanafunzi waulizwe, kwanza kabla ya kuitazama na kisha baada yake, maana ya neno "mwenyeji". Ni matumaini yetu kwamba wenzetu wataendeleza uchunguzi huu, hasa katika upande wa istilahi, ambako maneno kama kasri, gofu, mahame na mzuka yangali yanangoja kupangwa na kufafanuliwa kwa makini zaidi kuliko tulivyoweza kufanya hapa.